Kabati la Louis XVI na Kisanduku cha Vito: Kutoka Mnadani Paris Hadi Mombasa

Ombi tulilopewa lilikuwa fupi: kabati la droo la mtindo wa Louis XVI, mfalme wa Ufaransa wa mwishoni mwa karne ya 18, lenye bamba la marumaru juu, na kisanduku cha vito cha kukaa juu yake. Vinunuliwe Paris, vifike Mombasa vikiwa vizima. Bajeti ilikuwa euro 5,000 kwa kila kitu, kuanzia nyundo ya dalali hadi mlango wa nyumba. Maelezo mengi ya kununua samani za aina hii huandikiwa mtu anayeishi Paris au London. Hayamwambii mtu wa pwani kwamba kabati lililotulia miaka 100 katika chumba kikavu cha Ufaransa linaweza kuvimba na kubanduka katika masika moja tu, wala kwamba nusu ya fedha yake haitafika kwa muuzaji.

Kwanza ijulikane kinachotafutwa. Hadi katikati ya karne ya 18 samani za Paris zilikuwa na matumbo, mistari ya kupinda na miguu iliyokunjika. Magofu ya miji ya Kirumi nchini Italia yalipoanza kuchimbuliwa, ya Herculaneum mwaka 1738 na ya Pompeii mwaka 1748, ladha ya Wagiriki na Warumi ilirudi polepole, na kufikia miaka ya 1770 mistari ilikuwa imenyooka. Kabati la Louis XVI lina pembe za mraba au za mviringo mwembamba, na nguzo za pembeni zenye mifereji. Miguu yake hupungua kuelekea chini au huwa na umbo la pia, na mapambo yake ya shaba ni mashada ya majani, shanga zilizopangwa mstari, kamba na vyungu vya Kirumi. Mafundi wanaotajwa sana ni Jean-Henri Riesener, Mjerumani aliyepata umahiri wake rasmi Paris mwaka 1768. Georges Jacob wa viti. Na Martin Carlin, aliyefunika samani kwa vigae vya kauri ya Sèvres, kiwanda cha kifalme cha Ufaransa. Carlin ndiye aliyetengeneza sanduku la vito la Marie-Antoinette, mke wa Louis XVI, la mwaka 1770, mwaka alioolewa, na bado lipo katika jumba la wafalme la Versailles: kasha dogo limekaa juu ya meza yenye miguu myembamba, kauri ubavuni na maua kila upande. Visanduku vingi vinavyouzwa leo vinamwiga yeye, moja kwa moja au kwa kupitia waigaji wake.

Euro 5,000 hazinunui kitu cha Riesener wala cha Carlin. Kwa fedha hiyo unachagua kati ya vitu vilivyotengenezwa baadaye kwa mtindo wao, na hapo ndipo katalogi inatakiwa kusomwa kwa kalamu mkononi. Ufaransa ina amri ya tarehe 3 Machi 1981 inayotawala maneno ya wauzaji wa vitu vya kale. Kitu kikiandikwa *époque Louis XVI*, muuzaji amefungwa: kimetengenezwa katika zama hizo, na kama kuna sehemu iliyobadilishwa anatakiwa aitaje. Kikiandikwa *style Louis XVI*, hakuna dhamana yoyote ya umri. Kinaweza kuwa cha 1880 au cha 1980. Yakitokea maneno *goût*, *genre*, *d'après* au *dans le goût de*, hali ni hiyohiyo. Picha haibadilishi kitu, na maneno matamu ya msaidizi wa ukumbini hayabadilishi kitu pia. Kinachoshika ni maandishi ya katalogi na ya hati ya mauzo, na madai dhidi ya nyumba ya mnada yana ukomo wa miaka mitano tangu siku ya kuuzwa.

Hata hivyo, kitu cha mtindo si kitu cha bandia. Katikati ya karne ya 19 malkia Eugénie, mke wa Napoléon III aliyeitawala Ufaransa wakati huo, alimpenda mno Marie-Antoinette, na karakana za Paris zikarudia Louis XVI kwa ubora wa hali ya juu. Henry Dasson, Paul Sormani na baadaye François Linke waliuza kazi zao kwa majina yao wenyewe, na leo baadhi yake ni ghali kuliko kabati la zama halisi lisilo na jina. Bandia ni kile kilichozeeshwa makusudi ili kiuzwe kwa umri ambao hakinao. Hata wakubwa hunaswa: Versailles yenyewe ilinunua viti vilivyodaiwa kuwa vya karne ya 18, na mwaka 2025 mahakama ya Pontoise ikawatia hatiani mtaalamu wa viti na mchongaji waliohusika kuvighushi. Kama jumba la wafalme lilidanganyika, mnunuzi wa kawaida na asilipe bei ya zama kwa kutegemea jicho lake. Alipe bei ya mtindo, na umri ukijitokeza baadaye iwe faida yake.

Makabati matatu yalifaa kwenye katalogi za mwezi huo, yote mtindo wa Louis XVI, yote yakikadiriwa kati ya euro 1,200 na 2,500. Hôtel Drouot, ukumbi wa minada uliopo Paris tangu 1852, hufungua maonyesho siku moja kabla ya mnada na tena asubuhi ya siku yenyewe. Nenda siku ya kwanza. Asubuhi ya mnada watu wanasukumana na hakuna atakayekuachia nafasi ya kulala chini sakafuni. Ndiyo, kulala chini. Beba tochi, sumaku ndogo, lenzi ya kukuzia na futi.

Mbele ya kabati ndipo pa mwisho kutazamwa. Tulianza kwa kuchomoa droo. Kabati la kwanza lilipita vizuri machoni, shaba inang'aa na vinia ya mahogani (ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyobandikwa juu) ina mawimbi ya kupendeza, lakini droo ilipotoka ilionyesha pande za mbao laini nyeupe, meno ya kuungia yenye upana mmoja sawasawa, yaliyokatwa kwa mashine, na sakafu ya plaiwudi. Hilo ni la baada ya Vita Kuu ya Pili, na mkadiriaji alitaka euro 2,500. Kabati la pili lilikuwa na mwaloni kila mahali ndani. Meno ya droo zake yalikuwa membamba, hayalingani, na pembeni ya kila jino kulikuwa na mkwaruzo mdogo ambao fundi alichora kwa ncha ya chuma ili ajue msumeno usimame wapi. Chini ya sakafu ya droo, tochi ikiwekwa kwa ubavu, yalionekana mawimbi ya randa ya mkono, mapana kama vidole viwili. Nyuma ya kabati, lakini, mbao moja ilikuwa na alama za nusu duara zinazofuatana. Hizo ni za msumeno wa duara, na msumeno huo haukuwepo katika karakana za Riesener. Ama nyuma ilibadilishwa, ama kabati lote ni la karne ya 19 na fundi wake alifanya droo kwa mkono kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Skrubu ndizo zilizoamua. Skrubu ya karne ya 18 ilichongwa kwa tupa: haina ncha kali, mfereji wa kichwa umeenda upande, na hakuna mbili zinazofanana. Skrubu zenye ncha zilizotoka mashineni zilienea kuanzia katikati ya karne ya 19. Tuliomba ruhusa ya kufungua moja nyuma ya kishikio (ruhusa inaombwa, usifungue kimya kimya) na ikatoka na ncha safi, kutu yake inalingana na tundu lake, wala hakukuwa na tundu la pili pembeni. Maana yake kishikio hakijawahi kubadilishwa na kabati ni la nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa bei ya mtindo, hiyo ilikuwa habari njema.

Vinia nayo inasema umri wake. Ile ya kale ilipasuliwa kwa msumeno, na unene wake hufikia milimita moja na nusu au mbili. Ya mashine ya kukata kwa kisu ni nyembamba zaidi, na ya kisasa inakaribia nusu milimita. Mahali pa kupimia ni penye pengo, mara nyingi ukingoni chini ya marumaru au karibu na tundu la ufunguo. Halafu gonga uso mzima kwa kucha, taratibu, sentimita kwa sentimita. Sauti ngumu ni nzuri. Sauti ya uwazi ni mahali ambapo gundi imeachia, na kila eneo la namna hiyo ni saa za fundi utakazolipa. Kabati hili lilikuwa na manne, moja kubwa kama kiganja.

Muhuri wa fundi huleta tamaa kuliko kitu kingine chochote. Sheria za chama cha mafundi wa Paris za 1743, zilizoanza kushika mwaka 1751, zilimtaka kila fundi mahiri apige jina lake kwenye mbao, na wakaguzi wa chama waliongeza herufi JME, alama ya ukaguzi wao. Vyama vilifutwa mwaka 1791. Muhuri hupigwa kwa nyundo, haukuchomwa kwa moto: nyuzi za mbao zinalala zimesagika chini ya herufi, na uchafu wa karne mbili umejaa humo. Ukiona mbao nyeupe chini ya herufi, geuka uondoke. Kumbuka pia kwamba fundi aliyekarabati naye aliruhusiwa kupiga muhuri wake, na waliofanya kazi ya mfalme au walioishi katika maeneo huru, yasiyo chini ya chama, hawakulazimika kupiga, kwa hiyo muhuri haumthibitishi mtengenezaji na kukosekana kwake hakulikatai kabati. Kabati la tatu lilikuwa na muhuri mzuri mno, safi kama wa karani. Lilipanda hadi mara nne ya makadirio, na sisi tulibaki tumekaa.

Shaba ipimwe kwa sumaku kwanza. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa. Kisha itazamwe mgongo. Dhahabu ya kale ilipakwa kwa kuichanganya na zebaki na kuichoma moto; zebaki ikafuka, ikawaua mafundi wengi kabla ya wakati wao, na dhahabu ikabaki nene, yenye sehemu zilizofifishwa na sehemu zilizosuguliwa zikang'aa. Mgongoni shaba inabaki ghafi, na pembezoni kuna michirizi ya dhahabu iliyovuja. Upakaji wa umeme, ambao Elkington aliusajili Uingereza mwaka 1840, unaacha ngozi nyembamba yenye rangi moja kila mahali. Ukikwaruza kidogo mahali pasipoonekana ukakuta kijivu, ni aloi ya zinki, na huvunjika kama biskuti.

Siku ya mnada hesabu inafanywa kabla ya kuingia. Kamisheni ya mnunuzi katika nyumba nyingi za Paris hufika kati ya asilimia 25 na 30 pamoja na kodi. Tuliyonunua kwayo ilitoza 28. Ukomo wetu wa nyundo ulikuwa euro 1,800, umeandikwa kwenye karatasi. Kabati la pili lilianza 800, likakaa 1,200 muda ambao moyo unajua kuhesabu, halafu wawili wakaanza kufuatana kwa mia mia. Hapo ndipo mkono hujiinua wenyewe, na mtu hujiambia "mia moja tu" mara tano mfululizo. Nyundo iligonga kwetu kwa 1,700. Na kamisheni, 2,176. Ingekuwa 1,900 tungeondoka mikono mitupu, na kusema kweli ingeuma.

Kisanduku kilichukua muda mrefu kuliko kabati, kwa sababu soko la visanduku limejaa vipya vilivyovaa uzee. Vilivyo vingi vya zamani ni vya enzi ya Napoléon III, miaka ya 1850 hadi 1870, na ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni fremu ya shaba yenye vioo pande zote na kitanda cha hariri iliyoshonwa vifundo chini. Katika kizuri, kingo za vioo zimesagwa kwa mkono, upana wa ukingo ni mkubwa na ukipitisha kidole unahisi bonde lisilo sawa kabisa. Kioo kinashikwa na ulimi mdogo wa shaba uliokunjwa ndani. Kipya kinashikwa kwa silikoni, na ukikitazama kwa ubavu unaona mstari wake unang'aa. Skrubu za kichwa cha msalaba zikionekana, hakuna zaidi la kujadili.

Aina ya pili ni mbao yenye vinia, pembe za shaba na pengine medali ya kauri juu. Jina linalotafutwa ni Tahan, aliyekuwa mtengenezaji wa visanduku wa mfalme Napoléon III. Jina lake huchorwa kwenye kitasa. Tulionyeshwa kimoja cha aina hiyo sokoni Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris, kwa euro 900. Kitasa kilisema TAHAN waziwazi. Lakini kifuniko kilipoinuliwa na tochi kuelekezwa kwenye ukingo, kulikuwa na matundu mawili ya skrubu yaliyozibwa kwa nta ya kahawia, na mfuko uliochongwa kwa ajili ya kitasa ulikuwa mpana kuliko kitasa chenyewe kwa milimita tatu. Kitasa kilihamishwa kutoka kisanduku kingine. Mwenye duka pengine hakujua; hakulazimika kujua, maana stakabadhi yake isingetaja Tahan.

Medali za kauri zina mtego wao. Herufi mbili za L zilizopishana ni alama ya Sèvres, na ndiyo alama inayoghushiwa kuliko zote. Kisanduku cha karne ya 19 chenye L mbili na herufi ya mwaka wa karne ya 18 katikati kinajipinga chenyewe. Mchukulie mchoraji kwa uchoraji wake: uso wa msichana umechorwa kwa vitone vya brashi, au ni chapa iliyobandikwa na kuchomwa? Kwa lenzi, chapa inaonekana kama nukta zilizopangwa safu.

Tulinunua kisicho na jina, mnadani, kwa nyundo ya euro 260, yaani 333 na kamisheni: vinia ya bois de rose, mbao ya Brazili yenye mistari ya waridi na manjano, shaba nzuri, trei ya ndani bado ipo na mahameli ya bluu imechakaa. Usibadilishe mahameli hiyo. Wanunuzi wengi huipeleka kwa fundi wa sofa wiki ya kwanza, na thamani ya kisanduku hupungua siku hiyohiyo. Piga brashi laini, nyonya vumbi kupitia kipande cha chandarua, basi.

Karakana ilitoza euro 780. Sehemu kubwa ilikuwa kurudisha vinia iliyoachia, na hii kazi ielezwe kwa sababu fundi wa mtaani akipewa kabati kama hili atafikia gundi nyeupe ya kwenye chupa. Gundi ya kale ni ya ngozi za wanyama. Inalainika kwa joto na unyevu, kwa hiyo kazi yoyote inaweza kufunguliwa tena baada ya miaka 50. Gundi nyeupe haifunguki vizuri, na haishiki juu ya mabaki ya ile ya zamani. Fundi aliyeyusha gundi ya ngozi kwenye chombo ndani ya maji ya moto, nyuzi 60 hivi, bila kuiacha ichemke kwa sababu ikichemka inakufa nguvu. Aliingiza kwa sindano chini ya vinia, akapitisha pasi ya joto la wastani juu ya karatasi ili ya zamani nayo iamke, akaweka plastiki, kibao, na klampu kwa saa 24. Mahali palipopinda alitumia mfuko wa mchanga wa moto badala ya kibao.

Msasa haukuguswa. Kila msasa unaopita juu ya vinia ya kale unakula unene ambao haurudi, na katika nakshi za kubandika unafuta mistari myembamba iliyochorwa kwa ncha. Uso ulisafishwa kwa pamba na mafuta ya kuyeyushia nta, ukapewa shelaki (vanishi ya asili ya samani za kale) kwa bunda la kitambaa pale tu ulipokuwa umekauka, kisha nta. Shaba ilitolewa kipande kimoja kimoja, kila kimoja kikipewa namba pamoja na skrubu zake, ikaoshwa kwa maji yaliyosafishwa yenye matone machache ya sabuni isiyo kali na brashi laini, ikakaushwa kabisa. Dawa za kung'arishia shaba za dukani zina mchanga na amonia. Mara tatu nne zinatosha kuondoa dhahabu yote, na chini yake utabaki na shaba ya manjano ya bomba.

Makaratasi yalianza kabla ya kuweka nafasi ya kusafirisha, na hivyo ndivyo inavyopasa. Mbao za jenasi ya Dalbergia ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, Kiambatisho cha Pili, tangu Januari 2017. Mpingo wetu umo humo, na bois de rose ya Brazili imo humo. Tangu 2019 bidhaa iliyokamilika yenye chini ya kilo 10 za mbao hizo kwa shehena haihitaji kibali, na vinia ya kisanduku haifikii hata kilo moja. Palisanda ya Brazili, Dalbergia nigra, ni habari nyingine: iko Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992 na huwezi kuitoa Ulaya bila cheti kinachoonyesha kwamba ilikuwepo kabla ya kulindwa. Visanduku vingi vya Napoléon III vimefunikwa kwa palisanda. Vingine vina gamba la ng'amba au pembe za ndovu, na kwa mtu anayepeleka Kenya au Tanzania ushauri ni mmoja: usinunue. Mlipie mtaalamu akuandikie aina ya mbao kwenye hati. Bila hati, afisa wa forodha ana haki ya kukisia, na atakisia vibaya.

Kreti ilikuwa euro 420 na usafiri wa ndani ya Paris 110. Mbao za kreti lazima ziwe zimepashwa moto hadi nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30, na ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia; kreti isiyo na muhuri huzuiwa bandarini. Bamba la marumaru, sentimita 115 kwa 52 na unene wa 2.2, lina uzito wa kilo 35 hivi. Halisafirishwi likiwa limelala. Linasimamishwa kwa ubavu, ndani ya sponji, kwenye kreti yake. Likibebwa bapa na watu wawili linavunjika katikati kwa uzito wake lenyewe, na hii ndiyo hasara ya kawaida kuliko zote. Juu ya shelaki weka kitambaa cha pamba, kisha blanketi, na plastiki ya mapovu iwe nje kabisa. Ndani ya kontena kwenye jua shelaki hulainika, na mapovu yakigusa uso yanaacha duara ndogondogo kila mahali. Funguo zitolewe kwenye vitasa. Ufunguo ulioachwa hupinda au hupasua vinia pembeni mwa tundu.

Zilibaki euro 1,181 za meli, bandari, wakala na kodi. Hazikutosha. Wakala aliwasilisha hati ya umri kwa kuchelewa, shehena ikalala bandarini, na malipo ya kuhifadhi yakaongeza karibu 260. Vitu vya zaidi ya miaka 100 vina namba yake ya forodha, 9706, tofauti na ya samani zilizotumika. Barua ya nyumba ya mnada inayotaja umri iwe mkononi mwa wakala kabla meli haijang'oa nanga, na wakala aulizwe kwa maandishi atatumia namba ipi.

Nyumbani Mombasa kreti ilifunguliwa kifuniko tu, ikaachwa siku kadhaa chumbani kabla ya kabati kutolewa. Paris wakati wa baridi, chumba chenye hita kinashuka chini ya asilimia 40 ya unyevu. Pwani unyevu hupita 75. Mwaloni hunywa hewa hiyo na kupanuka kwa upana wake, vinia hailingani nao, na droo hukwama. Droo ikikwama usiirande. Subiri msimu upite. Adui mkubwa kuliko unyevu ni kupanda na kushuka: kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi hulifanya kabati lihame kutoka Paris hadi pwani kila siku. Ama kiyoyozi kiendeshwe kwa kiasi saa zote, ama chumba kiachwe na upepo wake wa kawaida na kabati likae mbali na dirisha. Kipima unyevu cha bei ndogo kikiwekwa ndani ya droo kitakuambia zaidi ya fundi yeyote.

Halafu deki. Sakafu zetu huoshwa kwa maji, na miguu ya umbo la pia ikisimama kwenye maji kila asubuhi, kiatu cha shaba kinaota kutu ya kijani na mbao ya ndani inaoza pasipoonekana. Weka vibao vyembamba chini ya miguu na mwambie anayepiga deki apite kwa kitambaa kilichokamuliwa. Angalia unga laini chini ya kabati. Unga mpya ni bungua, na mtaalamu aitwe kabla ya kupuliza dawa yoyote, kwa sababu dawa nyingi za kupuliza huyeyusha shelaki.

Kisanduku kinatumika kila siku, na hilo ni sawa. Dhahabu haidhuriki humo. Lulu na fedha ndizo za kuangaliwa: mwaloni uliofungwa hutoa mvuke wa asidi unaokula uso wa lulu, na vitambaa vya zamani huifanya fedha iwe nyeusi. Lulu ziwekwe kwenye mfuko wa pamba safi na kifuniko kiachwe wazi saa kadhaa kila wiki, bila kukilaza hadi mwisho, maana bawaba za shaba za wakati ule zimeshikwa kwa skrubu fupi na mbao iliyo chini yake haina unene wa kuhimili uzito wa kifuniko.